Barua ya wazi kwa Gavana wa Nakuru: kabla hujapiga muhuri kituo cha data cha Olkaria

Mheshimiwa Gavana,

Pokea salamu kutoka Karagita, Naivasha. Nakuandikia nikiwa ndani ya saiba yangu kando ya barabara ya Moi South Lake: kompyuta nne, printa moja inayokohoa, na benchi la wateja. Wengi wao ni wafanyakazi wa mashamba ya maua. Hufika baada ya zamu, wengine bado na gamubuti miguuni, kutafuta cheti cha kuzaliwa kwenye eCitizen, kujaza ritani za kodi, kumwombea mtoto mkopo wa chuo. Biashara yangu yote iko kati ya saa kumi na moja jioni na saa tatu usiku, na hizo ndizo saa ambazo stima hupenda kwenda zake.

Nimeanza na hilo usije ukadhani unaandikiwa na mtu anayeogopa kompyuta. Mimi hula kwa kompyuta. Kama kuna mtu Karagita aliyepaswa kupiga kelele za furaha kusikia kituo cha data, yaani jengo lililojaa seva, zile kompyuta za kuhifadhi na kuchakata kumbukumbu, kinakuja Olkaria kwenye visima vya mvuke wa ardhini, ni mimi, na siku ile ya Mei 2024 nilizipiga. Rais alikuwa Washington. Microsoft na kampuni ya G42 ya Imarati wakatangaza mpango wa dola bilioni 1, na ndani yake kituo cha data cha kuendeshwa kwa mvuke wa Olkaria, megawati 100 kwa kuanzia, kisha kikue hadi megawati 1,000. Niliichapisha habari ile nikaibandika ukutani. Karatasi bado ipo, imegeuka rangi ya chai.

Tangu hapo yamesemwa mengi Nairobi kuhusu nani anamngoja nani na nani atalipa nini. Hayo siyaingilii. Mimi nataka tuzungumze kuhusu kilicho juu ya meza yako. Kituo hicho, au kingine chochote kitakachofuata mvuke huo, kitasimama kwenye ardhi ya kaunti yako, mipango ya ujenzi itapita ofisini mwako, na kikihitaji maji kitayatoa katika bonde letu. Ombi langu ni kwamba usipige muhuri kabla masharti ya stima, maji na pesa hayajaandikwa kwenye karatasi ambayo mtu wa Karagita anaweza kuishika na kuisoma.

Hapa jirani kuna hoteli ya chapati na maharagwe, na mjadala huu umeshakuwa sehemu ya menyu. Kijana mmoja wa bodaboda ana hesabu yake: mradi wa mabilioni hauwezi kukosa kazi elfu kadhaa, na hata kama hajui kompyuta, kokoto atabeba. Mzee mmoja mwenye asili ya upande wa Olkaria humjibu kila mara kwa maneno matatu: “Waya hupita juu.” Anazungumzia nyaya kubwa ambazo zimepita juu ya manyatta kuelekea Nairobi tangu Olkaria ya kwanza ianze kuzalisha stima mwaka 1981, huku watu wa chini yake wakiendelea kuwasha koroboi. Kijana hucheka. Mzee hacheki.

Nianze na kijana, kwa kuwa ndiye rahisi kudanganywa. Kujenga kituo kama hicho kuna kazi, tena nyingi: kuchimba msingi, kufunga vyuma, kuvuta nyaya, kupika na kuuza chakula cha mafundi. Kazi hizo huisha jengo likiisha. Ukumbi wa seva ukishawashwa unachotaka ni baridi, stima na utulivu. Watakaobaki ni wahandisi, mafundi, walinzi na wasafishaji, na hesabu yao ni ya makumi au mamia. Mashamba ya maua, pamoja na malalamiko yote tuliyo nayo kuyahusu, yanaajiri makumi ya maelfu ya watu kuzunguka ziwa hili. Kwa hiyo nakusihi, siku utakayosimama jukwaani usiuze mradi huu kwa jina la kazi. Utauza kitu ambacho hakimo dukani, na vijana watakudai.

Faida yake kubwa iko kwingine, na naijua kwa vidole vyangu. Hadi mwaka 2015 seva za M-Pesa zilikuwa Ujerumani. Mtu alikuwa akinunua sukuma wiki sokoni Naivasha, na ujumbe wa malipo yake ukipanda ukaenda Ulaya ukarudi ndipo mama mboga apate mlio. Seva zilipoletwa Kenya, kila mwenye duka aliona tofauti. Leo vituo vikubwa vya Microsoft vilivyo karibu nasi barani viko Johannesburg na Cape Town. Kumbukumbu za hospitali, za shule na za benki zikikaa hapa nchini, zinafunguka upesi zaidi, na zinakuwa mahali ambapo sheria yetu ya kulinda data ya mwaka 2019 inaweza kubisha hodi. Hilo ni jambo kubwa. Ila angalia nani analipata: analipata mtu wa Nairobi, wa Kisumu, wa Kampala, sawasawa na mimi. Faida inagawanywa nchi nzima na kuvuka mpaka, halafu kelele za jenereta, maji na ua wa seng'enge vinabaki kwetu.

Kuna jambo jingine zuri ambalo sijasikia kiongozi akilisema, na linahusu usiku. Kisima cha mvuke si bomba la jikoni la kufungua na kufunga kila unapotaka. Mwaka 2025 matumizi ya stima nchini yalipanda jioni hadi zaidi ya megawati 2,300, lakini usiku wa manane, viwanda vimefungwa na watu wamelala, yanashuka mno, na sehemu ya mvuke wa Olkaria imekuwa ikiachiliwa hewani kwa kukosa mnunuzi. Ni mali inayopotea tukiwa tumejifunika blanketi. Mteja asiyelala ni baraka kwa mzalishaji wa aina hiyo, na mhandisi yeyote wa Olkaria atakuambia hivyo.

Tatizo la mteja asiyelala ni kwamba hata jioni yuko macho. Anavuta megawati zake 100 saa nane usiku, na zilezile anazivuta saa moja jioni, wakati Kenya nzima imewasha taa, runinga na pasi. Serikali yenyewe imekiri hadharani kwamba saa za jioni kuna maeneo yanayokatiwa stima kwa zamu kwa sababu haitoshi. Mwishoni mwa 2022 tulianza kununua megawati 200 kutoka Ethiopia. Na wewe unakumbuka Ijumaa ile ya tarehe 25 Agosti 2023, giza lilipoikumba nchi hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Usiku huo nilitoka nje nikatazama upande wa Olkaria, kilomita chache tu kutoka hapa, nikaona giza lilelile la Turkana.

Pima sasa. Megawati 100 ni zaidi ya nusu ya kinachozalishwa na Olkaria V, mtambo uliozinduliwa mwaka 2019. Zile 1,000 zinakaribia kulingana na stima yote ya mvuke ambayo nchi hii imeijenga kwa zaidi ya miaka 40. Ireland walianza kwa kukaribisha kituo kimoja kimoja kwa mikono miwili. Kufikia 2023 vituo vya data vilikuwa vinakula asilimia 21 ya stima yote ya nchi hiyo, zaidi ya nyumba zote za mijini, na gridi ya Dublin ikalazimika kuwafungia mlango waombaji wapya. Ireland ni nchi tajiri. Sisi tunaweza kufika hapo na kituo kimoja tu.

Kwa hiyo sharti la kwanza ningelitaka hivi: visima vipya kwanza, mita baadaye. Mwenye kituo, pamoja na mzalishaji wa stima, wachimbe mvuke mpya wa kumtosha, asije akakalia ule ambao tayari unawasha Karagita, Kasarani na Kongoni. Na saa za jioni, gridi inapobanwa, awe na wajibu wa kupunguza au kuhamia kwenye betri zake. Najua bei ya stima na leseni zake haziko mikononi mwa kaunti, ziko EPRA, mamlaka ya kusimamia kawi na mafuta. Lakini kaunti ina sauti mbele ya EPRA, ina sauti mbele ya NEMA, mamlaka ya mazingira, na ina kalamu yake yenyewe kwenye kibali cha ujenzi. Sijui kaunti nyingine iliyokaa juu ya mvuke wote huu ikanong'ona.

Maji. Hapa naomba radhi, nitakaa kidogo.

Ukitaka kujua aliyekulia Naivasha, mwambie acheke. Meno yetu wengi yana rangi ya kahawia kwa sababu maji ya visima vya huku yana floridi nyingi kupita kiasi. Maji masafi Karagita tunanunua kwa mtungi, na mama anayepanga nyumba ya chumba kimoja anajua bei ya mtungi kuliko anavyojua jina la mwakilishi wa wadi wake. Ziwa liko pale, tunaliona kutoka paani. Mashamba ya maua yanalitumia, mitambo ya Olkaria imekuwa ikivuta maji yake kwa ajili ya kuchimba visima, viboko wanaogelea ndani, na sisi tunasubiri lori.

Seva hutoa joto, na joto lazima litolewe. Kuna njia za kulitoa kwa hewa, na kuna njia za kulitoa kwa kuvukiza maji. Ya maji mara nyingi huokoa stima; ya hewa huokoa maji. Sisi tuko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ya Julai hapa mtu hatoki bila sweta, kwa hiyo hewa ya bure tunayo. Tangazo la 2024 liliahidi teknolojia ya kisasa ya kuhifadhi maji. Nimelisoma mara nyingi, liko ukutani. Halina lita hata moja ndani yake.

Uruguay, mwaka 2023, watu wa Montevideo walikuwa wakifungua bomba wakipata maji ya chumvi kwa sababu ya ukame, na wakati huohuo Google ilikuwa na mpango wa kituo cha data. Mtafiti mmoja alilazimika kwenda mahakamani ili wizara itoe hesabu ya maji ya mradi. Ikatolewa: lita milioni 7.6 kwa siku. Nimeigeuza kwa mitungi ya lita 20 ili mama wa Karagita anielewe; ni mitungi 380,000 kila siku. Watu waliandamana, na baadaye mradi ukabadilishwa utumie ubaridi wa hewa. Kumbe iliwezekana tangu mwanzo. Ilikosekana tu hesabu iliyo wazi mapema.

Kuna atakayesema, mbona ziwa limefurika, limewafukuza watu Kihoto mwaka 2025, si wachukue maji hata kesho? Huyo hakuwepo hapa 2009, au amesahau. Mwaka huo ziwa lilirudi nyuma hadi wavuvi wakatembea kwenye matope ambapo leo kuna maji ya kumfunika mtu. Ziwa Naivasha hupanda na kushuka, tabia yake ni hiyo tangu enzi za wazee, na jengo la miaka 30 litayaona yote mawili. Mkataba wa maji uandikwe kwa kiwango cha mwaka mbaya. Na mita ya maji isomwe kila mwezi, hesabu ibandikwe ubaoni kwenye ofisi ya kaunti ndogo, tuione na kwenye simu.

(Nikiwa kwenye joto: shamba la Oserian limewahi kutumia joto la kisima cha mvuke kupashia vitalu vya maua usiku, ili unyevu usilete ukungu. Joto la seva nalo linaweza kuwa na kazi ya aina hiyo. Nalitaja tu, wahandisi wapo.)

Nirudi kwa mzee wa hotelini, maana hajapata jibu lake. Mwaka 2014 familia za Kimaasai takriban 150 zilihamishwa kupisha Olkaria IV, zikapelekwa kwenye ardhi inayoitwa RAPland. Walijengewa nyumba, ndiyo, za kisasa kuliko walizokuwa nazo. Lakini yalibaki malalamiko: hati ya ardhi, barabara, makorongo, umbali wa kufikia kazi za utalii walizozizoea. Malalamiko hayo yalitoka Naivasha yakafika hadi kwenye jopo la ukaguzi la Benki ya Dunia na kwa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, ikabidi uletwe upatanishi, na makubaliano yakapatikana 2016. Mheshimiwa, watu wetu walilazimika kulalamika Washington na Luxembourg kwa jambo lililotokea mwendo wa pikipiki kutoka hapa. Ofisi ya kaunti ilikuwapo. Kwa nini hawakuona maana ya kuanza na mlango huo?

Nadhani najua, kwa sababu nimeshawahi kuketi kwenye kikao cha maoni ya umma, cha mradi mwingine ambao sitautaja. Tuliitwa kwa tangazo la siku mbili. Tulipewa soda na mkate. Ripoti ilikuwa ya Kiingereza, nene kama Biblia, nakala moja ya ukumbi mzima, na mwenye kuileta alikuwa na haraka ya kurudi Nairobi. Tulisaini daftari la mahudhurio. Baadaye nikasikia kwamba sahihi zile zilihesabiwa kuwa ridhaa. Kama ukumbi wa kituo cha data utakuwa hivyo, afadhali msituite, tubaki tukiuza.

Sasa pesa, na hapa ndipo nakuonea huruma kidogo. Ukanda maalumu wa kiuchumi una raha zake kwa mwekezaji: kodi ya mapato asilimia 10 kwa miaka 10 ya kwanza, asilimia 15 kwa 10 inayofuata, na sheria ya 2015 inamwondolea hata ada ya leseni ya biashara ya kaunti. Mimi na printa yangu inayokohoa tunalipa leseni hiyo kila Januari, na nikichelewa askari wa kaunti wananitembelea. Kituo cha mabilioni kikijengwa ndani ya ukanda huo hakitalipa. Sisemi ni haramu, ndivyo sheria ilivyoandikwa. Nasema tu usitegemee leseni.

Cha kutegemea ni mrabaha. Sheria ya Kawi ya 2019 inasema anayezalisha stima ya jotoardhi, yaani ya mvuke huu wa ardhini, alipe mrabaha wa kati ya asilimia 1 na 2.5 ya thamani yake kwa miaka 10 ya kwanza, baadaye kati ya asilimia 2 na 5. Pesa hizo zikigawanywa, serikali kuu inachukua asilimia 75, kaunti 20, na jamii ya mahali penyewe 5. Mvuke ukiuzwa zaidi kwa sababu ya kituo cha data, fungu letu linapaswa kukua. Nimeuliza wateja wangu, zaidi ya mia moja kwa wiki, kama kuna aliyewahi kuona mradi uliojengwa kwa ile asilimia 5. Hospitali, darasa, hata choo cha soko. Kila mtu ananiuliza mimi asilimia 5 ni nini.

Maswali yangu basi ni haya, na ninayauliza rasmi. Tangu sheria hiyo ianze kutumika, kaunti imepokea kiasi gani cha mrabaha wa jotoardhi, na kwa miaka ipi? Fungu la jamii linapitia mfuko gani, nani wanausimamia, na “jamii” imetafsiriwa kuwa ni kina nani: wa RAPland peke yao, au na sisi wa Karagita, Kamere na Maai Mahiu? Je, ofisi yako imepokea ombi lolote la kibali au la maji kwa ajili ya kituo cha data Olkaria, na kama ndiyo, ni lita ngapi kwa siku na kwa njia gani ya kupoza? Na tathmini ya athari kwa mazingira itakapowasilishwa, kaunti itagharamia muhtasari wa Kiswahili na wa Kimaa, utakaobandikwa walau mwezi mmoja kabla ya kikao?

Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaruhusu mwananchi kuomba taarifa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na inatoa siku 21 za kujibu. Barua hii nimeichapisha nakala mbili. Jumatatu asubuhi, kabla sijafungua saiba, nitaipeleka ofisi ya kaunti ndogo hapa Naivasha. Moja ni yenu. Nyingine naomba igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, nirudi nayo niibandike ukutani, kando ya ile karatasi ya Mei 2024.

Wako mwananchi,

Mwenye saiba, Karagita